Mizani iliyoandika barua

Ujumbe uliingia WhatsApp saa nne asubuhi ukiwa na picha ya risiti. Mama karani wa ghala, ambaye tangu siku ya kwanza ananiita mwanangu, nami namwamkia hata kwa maandishi, alikuwa ameongeza mstari mmoja tu chini yake:

"Mwanangu, mizani yako siku hizi inaandika barua?"

Nikaikuza picha. Tarehe ipo. Namba ya gunia ipo. Panapokaa uzito palikuwa na tarakimu 1, halafu vialama visivyosomeka, halafu, kwa herufi safi kabisa, run/cups/cups, halafu vialama tena hadi mwisho wa mstari.

Mizani haijui CUPS ni nini. CUPS ni mfumo wa kuchapisha, uko ndani ya kompyuta. Maneno yale yalikuwa yametoka kwenye kumbukumbu ya kerneli, ule moyo wa mfumo wa Linux, yakapita kwenye draiva yangu, programu niliyoiandika ili kompyuta ya ghala iisome mizani, yakiwa yamevaa nguo za uzito wa maharage, yakachapishwa na kukabidhiwa mkulima.

Chanzo nilikijua kabla chai haijapoa. Kilichoninyima raha kwa wiki tano zilizofuata ni mambo mengine.

## Namba mbili

Draiva ile niliiandika mwaka jana kwa siku mbili, nikiwa na haraka na nikijiona fundi. Pakiti ya mizani ni fupi: baiti ya kwanza inataja aina ya ujumbe, ya pili inataja urefu, zinazobaki ni uzito kwa maandishi, ukiishia na alama ya mstari mpya. Kila nikisoma naomba kwa kmalloc, kazi ya kerneli ya kugawa kumbukumbu, bafa mpya, yaani chumba cha kuwekea data, ya baiti 64. Na mstari uliofanya kazi yote, ukinakili maandishi kutoka bafa kwenda towe kwa urefu uliotajwa na baiti ya pili, ulikuwa huu:

memcpy(towe, bafa + 2, bafa[1]);

Utazame vizuri, maana mimi niliutazama mara nyingi bila kuuona.

Pakiti inapofika, kuna namba mbili za urefu. Moja imeandikwa na kifaa ndani ya pakiti yenyewe. Nyingine ni idadi ya baiti zilizofika kweli, ambayo upande wetu wa waya umeihesabu na kuiweka kwenye actual_length ya URB, ile fomu ambayo kerneli huitumia kwa kila ombi la USB. Ya kwanza ni maneno ya mgeni. Ya pili ni hesabu yetu wenyewe. Mimi nilishika maneno ya mgeni, na ile hesabu yetu sikuigusa popote kwenye draiva nzima.

Siku ile waya ulikuwa umelegea. Mizani ikatuma baiti tatu tu: aina, urefu, na tarakimu 1. Baiti ya urefu ilisema 60. Basi nikanakili 60. Moja ilikuwa ya mizani, na 59 zilikuwa chochote kilichokuwa kimelala mahali pale kwenye kumbukumbu kabla yangu, kwa sababu kmalloc hukupa chumba bila kukifagia. Programu ya risiti ikatafuta alama ya mstari mpya, haikuiona, ikachapisha yote.

Na hapo nilikuwa na bahati. Baiti moja inaweza kubeba hadi 255. Bafa zangu zote mbili zina 64. Mizani ingesema 200, nisingevujisha kumbukumbu tu, ningekuwa naandika juu ya kumbukumbu ya mtu mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni sababu ya mizani yenyewe kuwepo pale. Ililetwa ili kumaliza lumbesa. Kila aliyekulia kwenye mazao anaijua: gunia limejazwa hadi likaota kichwa, na bado mnunuzi analihesabu kuwa gunia moja. Jina linasema moja, kilichomo ni moja na nusu. Sheria ya vipimo inaikataza, na ndiyo maana ghala likanunua mizani na kunitafuta mimi.

Nami nikaenda kuiweka lumbesa ndani ya kerneli.

## Aliyeishika mashine mkononi

Kwanza nilijitetea. Nilirekebisha mstari, nikamwomba mama radhi, nikajiambia kwamba hili ni kosa la ubora wala si la usalama. Nani atatengeneza mizani ya kishetani aje kuichomeka kwenye ghala la maharage? Na kuna ule msemo wetu wa mafundi kwamba mtu akishaweza kuigusa mashine yako kwa mkono, nyumba imeshaungua, huna haja ya kuhangaika na mlango.

Nimeuamini msemo huo kwa miaka. Ulinitoka usiku mmoja.

Februari 2025 Amnesty International ilieleza jinsi simu ya Android ya mwanafunzi mwanaharakati nchini Serbia ilivyofunguliwa kwa bidhaa za Cellebrite, kampuni inayouza zana za kufungulia simu. Simu ilikuwa imefungwa. Kilichopita kilipita kwenye tundu la USB, kwa vifaa bandia vilivyojitambulisha kwa kerneli kama vifaa halali. Amnesty iliuhusisha mnyororo huo wa mashambulizi na hitilafu tatu za Linux, na nilizisoma moja moja nikiwa na ile risiti mezani.

Ya kwanza, CVE-2024-53104 (CVE ni namba ya hitilafu kwenye orodha ya wote), iko kwenye draiva ya kamera za USB. Draiva hupita mara mbili kwenye maelezo ambayo kamera imeyatoa: mara ya kwanza inahesabu fremu ili ijue iombe kumbukumbu kiasi gani, mara ya pili inazijaza. Aina moja ya fremu, ile isiyo na maana yoyote, haikuhesabiwa kwenye mzunguko wa kwanza lakini ilijazwa kwenye wa pili. Ni kama mtu aliyealika watoto bila kuwahesabu, kisha wakaja na kukaa. Kosa hilo lilikaa humo tangu 2008.

Ya pili, CVE-2024-53197, iko kwenye draiva ya sauti, kwenye njia maalumu ya kadi mbili, Extigy na Mbox. Kadi hizi zikishaamshwa hubadilika, kwa hiyo draiva huzisoma upya maelezo yake na kuyaandika juu ya yale ya mwanzo. Ndani ya maelezo hayo mna idadi ya mipangilio ya kifaa. Kumbukumbu ilishaombwa kwa idadi ya kwanza. Kifaa kikirudi na idadi kubwa zaidi, kerneli inaanza kutembea nje ya safu yake, ikiamini bado iko nyumbani.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niweke simu chini.

CVE-2024-50302 iko kwenye HID, tabaka linalohudumia vipanya na kibodi. Bafa ya ripoti iliombwa bila kufutwa, hivyo ripoti iliyotungwa kwa ujanja ingeweza kuvujisha kumbukumbu ya kerneli. Kiraka chake, yaani marekebisho ya msimbo, kimebadilisha herufi moja: kmalloc ikawa kzalloc, ile inayokupa chumba kilichofagiliwa.

Lilikuwa kosa langu. Lile lile, ila langu lilichapisha risiti na hilo la HID likawekwa kwenye orodha moja na kufungua simu ya mtu aliyekuwa na sababu nzuri ya kuifunga.

Ule msemo wa nyumba iliyoungua unasahau kwamba kufunga skrini kwa nywila kuna maana moja tu: kwamba kifaa kinaweza kuwa mikononi mwa mtu usiyemwamini na bado kikashika. Kwetu simu inaachwa kibandani ichajiwe nusu siku, na mwenyewe anaenda sokoni. Sisemi mwenye kibanda ana nia mbaya. Nasema tumeshamkabidhi tundu.

## Ping inayojibiwa kwa ping

Baada ya hapo nikawa kama mtu aliyenunua gari jekundu na kuanza kuona magari mekundu kila mahali.

Hitilafu inayonifurahisha kuliko zote, kama neno hilo linaruhusiwa, ilizibwa 2022 kwenye draiva ya ax88179_178a, ile inayohudumia adapta nyingi za kuunganisha waya wa mtandao kupitia USB. Adapta hukusanya pakiti kadhaa za mtandao ndani ya fungu moja, kisha mkiani mwa fungu inaacha namba mbili: pakiti ziko ngapi, na jedwali lake linaanzia wapi. Draiva iliziamini zote mbili.

Jann Horn, aliyeandika kiraka, alieleza alivyoijaribu. Adapta ya uongo inaleta ombi la ping, ule ujumbe wa mtandao wa kuuliza kama mashine ipo, la IPv6, lenye urefu unaovuka mwisho wa data iliyofika kweli. Kerneli, kwa adabu zake zote, inajibu ping. Na jibu la ping, kama tunavyojua, hurudisha kile kile kilicholetwa. Kwa hiyo linarudi likiwa limebeba vipande vya kumbukumbu ya kerneli.

Hakuna aliyeiba kitu. Mashine imeulizwa hali, ikajibu kwa kumwaga mfuko.

Kabla ya hapo, Novemba 2017, Andrey Konovalov, mtafiti wa usalama, alitangaza hitilafu 14 za draiva za USB kwa mpigo, alizozipata kwa syzkaller, programu inayojifanya kifaa na kutoa upuuzi hadi kerneli ianguke. Nilisoma habari ile wakati ule. Nikasema duh, nikaendelea na kazi. Ndivyo tulivyo: hitilafu ya mwenzako ni habari, ya kwako ni risiti.

## Sharti lililopo na lisilokaa

Nilipozipitia draiva zangu nyingine nilikuta jambo lililonitia aibu zaidi, kwa sababu pale nilikuwa nimeweka ukaguzi. Ulikuwa hivi, ukikataa pakiti inayovuka jumla, yaani baiti 64 za bafa yangu:

if (mwanzo + urefu > jumla) return -EINVAL;

Unapendeza. Ungenionyesha kwenye usaili ningekupa kazi. Lakini mwanzo na urefu vyote vinatoka kwa kifaa, na vyote ni namba za biti 32. Kifaa kikisema mwanzo ni 4294967290 na urefu ni 20, jumla yake haitoshei, inazunguka na kuwa 14. Kumi na nne ni ndogo kuliko 64. Karibu ndani, mgeni.

Inatakiwa utoe badala ya kujumlisha, na utoe kutoka kwenye namba yako:

if (mwanzo > jumla || urefu > jumla - mwanzo) return -EINVAL;

Hitilafu ya aina hiyo, ya kujumlisha namba za mgeni, ilikutwa Januari 2023 kwenye rndis_wlan, draiva ya adapta za Wi-Fi za USB, na kupewa namba CVE-2023-23559. Kerneli ina zana kama check_add_overflow za kukuokoa. Nilikuwa nazijua. Sikudhani nazihitaji kwa mstari mfupi kiasi hicho.

Na hata ukijumlisha vizuri, bado kuna swali la lini. PlayStation 3 ilivunjwa mwaka 2010 kwa kijiti kilichojifanya habu ya USB, kikichomeka na kuchomoa vifaa vya kufikirika. Ujanja wake mmoja ulikuwa kutoa maelezo tofauti pale mashine ilipoyasoma mara ya pili. Ukikagua ulichokisoma kwanza kisha ukatumia ulichokisoma baadaye, umemkagua mtu mlangoni na kumwingiza ndugu yake. Soma mara moja, weka kwako, kagua kilicho kwako, tumia kilicho kwako.

## Kifaa chema chenye urefu wa uongo

Sasa nirudi ghalani, maana hadithi haikuishia nilipoomba radhi.

Kiraka changu cha kwanza kilikuwa kikali: urefu uliotajwa ukizidi baiti zilizofika, ukitoa mbili za kichwa, pakiti inatupwa. Nikakiweka jioni. Saa mbili na nusu asubuhi simu ikaita.

"Mwanangu, leo haiandiki barua. Haiandiki kitu chochote."

Kila pakiti ilikuwa inatupwa. Kila moja. Nikachomeka mizani yangu ya majaribio nyumbani, nikazimwaga baiti zote kwenye skrini, nikazihesabu kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kijitabu cha mizani kinasema urefu ni wa maandishi peke yake. Mizani yenyewe inahesabu na kichwa. Inaleta maandishi ya baiti 10 na kusema ni 12. Siku zote. Haina nia mbaya wala waya uliolegea, ni programu ya ndani iliyoandikwa na mtu ambaye hakusoma kijitabu chake mwenyewe.

Maana yake, kwa miezi minane yote, kila uzito uliosomwa ulisindikizwa na baiti mbili ambazo hazikutoka kwenye mizani. Hazikuonekana kwa sababu programu ya risiti ilikuwa inakata kwenye alama ya mstari mpya. Ile picha ya barua haikuwa mwanzo wa ugonjwa. Ilikuwa mara ya kwanza mgonjwa kukohoa.

Nilikaa kimya nayo siku kadhaa.

Kilichonifariji kidogo ni kukuta wakubwa wamepita hapo. Mwaka 2021 kiini cha virtio, kile kinachounganisha mashine pepe na vifaa vyake vya kuigiza, kiliwekewa ukaguzi: kifaa kikidai kimeandika baiti nyingi kuliko bafa iliyotolewa, kisikubaliwe. Sababu ilikuwa nzito, kwani kwenye mifumo ya kulinda mashine pepe kama Intel TDX na AMD SEV mashine hiyo haitakiwi kumwamini hata mwenyeji wake. Ukaguzi ukaingia kwenye matayarisho ya toleo la 5.16 la Linux, na kabla toleo halijatoka ukang'olewa. Ilionekana kuna vifaa vingi vilivyoharibika upande huo, hasa vya mtindo wa zamani, ambavyo vilikuwa vinataja urefu usio sahihi na kazi inaendelea, kwa sababu hakuna aliyewahi kuusoma.

Kwa hiyo unaweza kuwa na haki kabisa na ukalifunga ghala asubuhi.

Hilo ndilo lililonisumbua kuliko kumbukumbu iliyovuja. Nilikuwa nimelifikiria suala hili kama la waaminifu na wadanganyifu, na katikati pamejaa vifaa vinavyosema uongo bila kujua na vinavyofanya kazi vizuri. Mizani yenyewe inapima sawasawa. Niliijaribu kwa mawe ya kupimia na haikukosea hata gramu kumi. Inachoshindwa ni kuhesabu herufi zake.

## Kukata au kukataa

Njia rahisi ilikuwa kukata: chukua namba iliyo ndogo kati ya ile iliyotajwa na ile iliyofika, nakili hiyo, songa mbele. Haivuji, haifuriki, haikatai mtu. Draiva nyingi zinafanya hivyo na kwa picha ya kamera pengine hakuna atakayelia.

Niliiandika. Nikaitazama. Nikaikumbuka tena ile risiti: baiti tatu, tarakimu 1.

Gunia lilikuwa na kilo mia na ushee. Ningekata kwa usalama, bila kuvujisha chochote, risiti ingesema 1. Labda mama angeshtuka. Lakini waya ungelegea baiti moja baadaye ingesema 10, na siku ya nusu debe la maharage 10 inaaminika kabisa. Kerneli ingekuwa salama na mkulima angekuwa ameibiwa, na kwenye logi, lile daftari la matukio la mashine, pasingekuwa na alama yoyote.

Nikaichukia kazi yangu kwa muda mfupi.

Toleo la 5.10 la Linux, la Desemba 2020, lina usb_control_msg_recv, ambayo hurudisha kosa kifaa kikileta pungufu ya ulichoomba, badala ya kukuachia nusu na kukutakia heri. Njia ya mizani yangu si ile, lakini nilichukua tabia yake. Draiva sasa inatazama baiti zilizofika na kuzichukulia hizo kuwa ukweli. Urefu uliotajwa ni lazima ulingane nazo kwa hesabu ya kijitabu au kwa hesabu mbovu ya mizani, moja kati ya mbili, na hiyo ya pili nimeiandikia maelezo marefu juu yake ili atakayekuja asidhani nililewa. Maandishi ni lazima yaishie na mstari mpya. Lisipotimia moja, pakiti nzima inatupwa, logi inaandikwa, na skrini ya ghala inaonyesha PIMA TENA. Bafa ni ya kzalloc, kwa siku nitakayokuwa nimekosea mengine yote.

Nilimpigia mama kumweleza kwamba kuna wakati mizani itagoma na atalazimika kuliweka gunia upya. Nilitarajia anune, maana gunia haliwekwi kwa kidole. Akaniuliza kama itagoma kwa wote au kwa baadhi tu. Nikamwambia kwa yeyote. "Basi sawa," akasema, na kuniuliza habari za watoto.

Wiki ya kwanza logi ilirekodi kugoma mara 31. Ya pili mara 27. Zote ni pakiti fupi na zote za saa za mchana, wapagazi wanapopita karibu na meza. Nikaagiza waya mpya kutoka mjini.

Haujafika bado. Jumatano kugoma kulikoma ghafla, na kwa siku mbili nikadhani nimeharibu ukaguzi wangu, nikawa nausoma upya kila usiku. Ijumaa mama akatuma picha nyingine. Ameufunga waya kwenye mguu wa meza kwa kipande cha kitenge, mafundo matatu, na tundu la USB amelizungushia gundi ya karatasi.